Kupanga kozi ya roboti kwa wanafunzi wa uhandisi: kutoka betri hadi matuta ya viazi

Kozi nyingi za roboti za shahada ya kwanza huanza na matriki za mzunguko wiki ya kwanza na kuishia na roboti isiyotembea wiki ya kumi na tano. Mpangilio wa mwongozo huu unakwenda kinyume chake. Kazi ambayo roboti itaifanya siku ya mwisho inaandikwa kwanza, halafu kila mada inapimwa kwa kazi hiyo. Mada isiyosaidia inahamia mwaka wa nne au inaachwa.

Umeandikwa kwa ajili ya chuo cha Nyanda za Juu Kusini chenye darasa la wanafunzi 48 wa mwaka wa tatu, wawe wa mekaniki, umeme au mekatroniki, chenye fundi sanifu mmoja, chumba kimoja cha maabara na umeme unaokatika bila taarifa. Wanafunzi wawe wameshapita kwenye programu ya C, saketi za umeme na matriki.

Hatua ya 1: Chagua kazi ya mwisho

Roboti ya kufuata mstari mweusi imechoka. Msimbo wake umejaa mtandaoni, na mwanafunzi anaweza kuunakili bila kuelewa hata kihisi kimoja. Tafuta kazi inayotoka kwenye mazingira ya wanafunzi wenyewe. Huku kwetu ipo tayari: viazi mviringo hupandwa sentimita 75 kati ya tuta na tuta, na sentimita 30 kati ya mche na mche. Aliyekulia Uporoto, Makete au Njombe hahitaji kuelezwa mara mbili. Roboti ipite kati ya matuta, ihesabu mapengo ambako mche haukuota, igeuke mwisho wa tuta, irudi kwenye njia ya pili.

Shamba lenyewe ni la sakafuni. Panga mistari mitatu ya makopo matupu ya rangi ya lita moja, kila mstari mita 3, kopo kila sentimita 30. Hiyo ni makopo 11 kwa mstari, 33 kwa jumla, na njia mbili za kupita katikati. Acha mita 1 ya kugeukia kila upande, kwa hiyo unahitaji sakafu ya mita 5 kwa 2.5. Siku ya mtihani ondoa makopo kati ya 3 na 7, bila kugusa yale ya mwanzo na ya mwisho wa mstari.

Angalia mtego uliojificha hapo. Mstari wa katikati unaonekana mara mbili, kutoka njia ya kwanza kisha kutoka njia ya pili. Kikundi kisichofikiri kitahesabu pengo moja kama mawili. Usiwaambie.

Kwa nini makopo na si mimea halisi? Kopo gumu hurudisha mwangwi safi. Jani la kiazi ni laini, limeinama kila upande, na hutawanya sauti. Mimea ya kwenye ndoo iletwe wiki ya 13 kwa vikundi vilivyomaliza mapema, na hapo ndipo kasheshe ya kweli inapoanza.

Hatua ya 2: Gawa saa

Katika mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Kozi ya krediti 12 ni saa 120, na kwa wiki 15 unapata saa 8 kwa wiki: mihadhara saa 2, maabara saa 3 kwa mkupuo mmoja, na saa 3 za mwanafunzi mwenyewe. Usikubali maabara igawanywe kuwa saa moja na nusu mara mbili. Dakika 30 za mwanzo huliwa na kutoa vifaa na kufunga nyaya, na 20 za mwisho na kuvirudisha.

Wanafunzi 48 kwa vikundi vya wanne ni vikundi 12. Waingie kwa zamu mbili za vikundi sita, kwa sababu fundi sanifu mmoja hawezi kuhudumia roboti 12 zinazokufa kwa wakati mmoja.

Mgawanyo wa wiki unaofanya kazi ni huu. Wiki ya 1 hadi 3 ni umeme na mwendo. Wiki ya 4 hadi 6 ni kupima: kasi, umbali, mgeuko. Wiki ya 7 ni jaribio. Ya 8 na 9 ni kinematiki (hesabu ya mwendo) ya magurudumu mawili na udhibiti. Ya 10 na 11 ni mkono wa roboti. Tatu zinazofuata ni za mradi, na ya 15 ni mtihani wa sakafuni. Kama kuna sikukuu au mgomo wa ratiba, kata wiki ya 11. Usikate kamwe wiki ya 1 hadi 6.

Hatua ya 3: Vifaa

Nunua seti 14 kwa vikundi 12. Kwa kila seti:

- Ubao mmoja wa Arduino Uno au nakala yake. Nakala nyingi hutumia chipu ya CH340, na Windows za zamani haziitambui bila draiva, yaani programu ya kuitambulisha kwa kompyuta. Weka draiva hiyo kwenye flashi kabla ya wiki ya kwanza.
- Mota mbili za njano zenye gia ya 1:48, magurudumu ya milimita 65, na gurudumu dogo la kuzunguka la nyuma.
- Draiva ya mota ya TB6612FNG, yaani saketi inayopokea amri za Arduino na kuipa mota umeme wa betri.
- Diski mbili za enkoda (kipimo cha mzunguko wa gurudumu) zenye nafasi 20, pamoja na visomaji vyake vya mwanga.
- Vihisi viwili vya HC-SR04, vinavyopima umbali kwa mwangwi wa sauti, na kimoja cha akiba.
- Kihisi cha mgeuko cha MPU6050.
- Betri mbili za 18650 (lithiamu za kuchajiwa), kishikio chake, swichi, na fyuzi ya ampea 3.
- Kibadili volti cha kushusha hadi volti 5, chenye uwezo wa ampea 3.
- Kapasita za nanofaradi 100, nane. Ya mikrofaradi 1000, moja.
- Kipande cha plaiwudi ya milimita 6, sentimita 20 kwa 16.

Robo ya bango la plaiwudi la futi 4 kwa 8 inatoa vipande 18, na fundi seremala yeyote wa Mwanjelwa atavikata asubuhi moja. Vifaa vya elektroniki ni hadithi nyingine: vingi vitatoka Kariakoo kwa basi au vitaagizwa nje, kwa hiyo ombi la manunuzi liwe mezani muhula mmoja kabla. Ongeza robo ya idadi kwa mota na vihisi. Ongeza nusu kwa visomaji vya enkoda. Hivyo ndivyo vinavyovunjika kwanza, kwa sababu vinakaa pembezoni na kila mtu anaishika roboti hapo.

Kuhusu draiva ya mota kuna ubishi wa kudumu. Wengi huchukua L298N kwa kuwa inapatikana kila duka. Inafanya kazi, lakini ni ya transista za zamani na hula karibu volti 2 njiani. Volti hizo zinageuka joto, na betri inaisha upesi. TB6612FNG hupoteza kidogo sana na hubeba ampea 1.2 mfululizo kwa kila mota. Ila ina sharti lake: betri mbili zilizojaa ni volti 8.4, na mota hizi ni za volti 6. Weka kikomo cha PWM (kuwasha na kuzima umeme haraka ili kupunguza wastani wake) kwenye 178 kati ya 255, yaani asilimia 70, ili mota ipate wastani wa volti 5.9. Kikomo hicho kiwe ndani ya maktaba unayowapa, kisiachwe kwenye kumbukumbu ya mwanafunzi.

Betri za 18650 ni za kuangaliwa kwa jicho kali. Ukiona imeandikwa 6000 au 9900 mAh, huo ni uongo. Za kawaida zilizo nzuri huishia karibu na 3500. Ipime kwenye mizani: ya kweli haipungui sana gramu 45, ya bandia ni nyepesi waziwazi. Usitumie zilizochomolewa kwenye kompyuta mpakato zilizokufa. Zichajiwe moja moja kwenye chaja ya volti 4.2, si zikiwa zimeunganishwa ndani ya roboti, na ziondolewe kazini kabla hazijashuka chini ya volti 3. Paka rangi ya kucha nyekundu upande wa chanya wa kishikio. Betri iliyogeuzwa huunguza ubao kabla fyuzi haijawahi kufikiri. Ratiba ya kuchaji iwe siku moja kabla ya maabara, maana umeme ukikatika asubuhi ya kipindi hakuna cha kufanya.

Hatua ya 4: Wiki tatu za umeme

Hapa wahadhiri wengi hukimbia, na hapa ndipo kozi hufia. Roboti ikikataa katika wiki ya 9, mara nyingi kosa liko kwenye nyaya, na mwanafunzi anatumia saa tatu kutafuta kosa kwenye msimbo.

Wiki ya 1 hakuna ubao wa Arduino mezani. Kuna betri, swichi, fyuzi, kibadili volti, mota moja na multimita. Kila mwanafunzi, si kila kikundi, apime vitu vitatu: volti ya betri bila mzigo, volti ya betri mota ikizunguka, na mkondo wa mota ikishikwa kwa vidole isizunguke. Tofauti kati ya mkondo wa mota huru na mota iliyoshikwa ni kubwa kiasi cha kumshtua asiyewahi kuiona. Mwanafunzi aliyeiona hataunganisha mota kwenye pini ya Arduino, ambayo hubeba miliampea 40 tu kwa kikomo cha mwisho na 20 kwa matumizi ya kawaida.

Kibadili volti chenye skrubu ya kurekebisha kiwekwe kwenye volti 5 kabla ya kuunganishwa na kitu chochote, kisha skrubu ifungwe kwa tone la gundi. Vinakuja kutoka dukani vikiwa vimewekwa popote, hata volti karibu zote za betri, na ubao wa kikundi kisichopima huungua siku hiyo hiyo.

Wiki ya 2, lehemu kapasita za nanofaradi 100 kwenye miguu ya kila mota na weka ile ya mikrofaradi 1000 kwenye njia ya volti 5. Brashi za mota hutoa cheche, cheche huingia kwenye nyaya za MPU6050, na mawasiliano ya I2C, yaani nyaya mbili zinazokiunganisha kihisi na Arduino, yanaganda. Roboti inasimama katikati ya njia, taa zote zinawaka, hakuna ujumbe wa kosa. Wanafunzi huita hilo "roboti imezubaa". Dawa ni kapasita, nyaya fupi zilizosokotwa, na kuweka kikomo cha kusubiri kwa `Wire.setWireTimeout` kwenye msimbo.

Wiki ya 3 roboti inatembea kwa amri. Itapinda, kwa sababu hakuna mota mbili za bei hii zinazozunguka sawa kwa volti ile ile. Mwache kila mmoja apime imepinda kiasi gani kwa mita 3. Wasirekebishe kwa kubahatisha namba. Kupinda huko ndiko kutakakowafanya wahitaji enkoda wiki inayofuata.

Hatua ya 5: Kupima, na mtego wa enkoda

Gurudumu la milimita 65 lina mzingo wa milimita 204. Diski ina nafasi 20, kwa hiyo kila pigo la enkoda ni milimita 10.2. Hadi hapo kila mtu anaelewa. Tatizo linakuja kwenye kasi.

Kwa kasi ya sentimita 20 kwa sekunde unapata mapigo kama 20 kwa sekunde. Mwanafunzi anayefuata mfano wa mtandaoni ataandika kitanzi cha milisekunde 20 na kuhesabu mapigo ndani yake. Atapata 0, 0, 1, 0, 1, 0, 0. Akiingiza namba hizo kwenye PID (kanuni ya udhibiti inayojumlisha kosa la sasa, P, kosa lililokusanyika, I, na badiliko la kosa, D), mota inatetemeka kama yenye homa, naye anabaki kupunguza Kp, uzito wa P, hadi roboti inakataa kuondoka. Hata akirefusha dirisha hadi milisekunde 100 anapata 2, au 1, au 3: kosa la nusu nzima.

Njia sahihi ni kupima muda kati ya pigo na pigo. Kwa kasi hiyo ni milisekunde 51, na `micros()` huusoma kwa hatua za mikrosekunde 4. Kasi ni milimita 10.2 ugawe kwa muda huo. Ongeza kanuni moja: pigo lisipofika kwa milisekunde 200, hesabu kasi kuwa sifuri, vinginevyo roboti iliyokwama itaendelea kuamini inatembea. Mpe mwanafunzi njia mbaya kwanza, achore grafu, halafu njia nzuri, achore juu ya ile ile. Zoezi hilo moja lina thamani kuliko mhadhara mzima wa ubora wa vipimo.

Visomaji hivi vina magonjwa mengine mawili. La kwanza, kisomaji huhesabu pigo moja mara mbili au tatu kwenye ukingo wa nafasi. Kapasita ya nanofaradi 100 kati ya mguu wa ishara na ardhi huponya. La pili ni jua: roboti ikipita karibu na dirisha mchana, mwanga unaingia kwenye kisomaji na hesabu inaruka. Kifuniko cha karatasi nyeusi kinatosha. Tena kumbuka enkoda ya aina hii haijui uelekeo. Roboti ikisukumwa nyuma, inahesabu mbele.

HC-SR04 ni rahisi zaidi, ila kuna mambo ya kusema. Kasi ya sauti hutegemea joto, si mwinuko wa mahali: ni 331.3 ongeza 0.606 mara nyuzi za Selsiasi. Asubuhi ya nyuzi 10 Mbeya mjini ni mita 337 kwa sekunde; mchana wa nyuzi 32 Kyela ni karibu 351. Tofauti ni asilimia 4 hivi. Kwenye mita 3 hiyo ni sentimita 11, lakini kwenye kazi yetu kopo liko sentimita 25 tu, na kosa halifiki sentimita 1. Mwanafunzi ahesabu mwenyewe na aamue kwamba marekebisho hayahitajiki. Kujua ni kosa gani la kupuuza ni sehemu ya uhandisi.

Sentimita hizo 25 zimetoka wapi? Nusu ya njia ni 37.5, toa nusu ya upana wa roboti 8, toa nusu ya kopo 5: zinabaki 24.5. Chukua kwamba mwale wa kihisi umefunguka nyuzi 30 kwa jumla. Hapo unafunika upana wa sentimita 13. Kati ya kopo na kopo kuna uwazi wa 20, kwa hiyo kihisi kinaona kila kopo peke yake. Kama ungeweka makopo kila sentimita 20, uwazi ungekuwa 10 na kihisi kingeona ukuta mmoja mrefu. Hesabu hii ifanyike ubaoni kabla ya kugusa kifaa.

Piga kihisi cha kushoto, subiri milisekunde 60, piga cha kulia. Ukivipiga pamoja kimoja husikia mwangwi wa mwenzake. Kila upande unasomwa kila milisekunde 120, sawa na milimita 24 za safari. Na `pulseIn` iwekewe kikomo cha mikrosekunde 6000, yaani umbali wa mita 1. Bila kikomo, waya wa Echo ukilegea, programu husubiri sekunde nzima, na roboti inakwenda sentimita 20 ikiwa kipofu.

Kuhusu MPU6050: roboti isimame sekunde chache bila kuguswa, isome sampuli 500, wastani wake utolewe kwenye kila usomaji unaofuata. Juni na Julai stoo ni baridi na maabara yenye watu imepata joto, na sifuri ya kihisi huhama joto likibadilika. Washa, subiri dakika chache, ndipo upime sifuri hiyo.

Hatua ya 6: Kinematiki na udhibiti

Kasi ya katikati ya roboti ni wastani wa kasi za magurudumu mawili; kasi ya kugeuka ni tofauti yake ugawe kwa umbali kati ya magurudumu. Mhadhara mmoja unatosha. Kinachohitaji muda ni jaribio la mraba: roboti izunguke mraba wa mita 2, mara tano kwa mwelekeo wa saa na mara tano kinyume, na kila mara pima imerudi mbali kiasi gani na ilipoanzia. Lazima pande zote mbili. Kosa la kipenyo cha gurudumu na kosa la umbali kati ya magurudumu yanaweza kufutana upande mmoja na kujumlishana upande wa pili, hivyo mwenye kujaribu upande mmoja tu atajiona mshindi bure.

Udhibiti uwe wa ngazi mbili. Chini kuna PI ya kasi ya kila gurudumu. Juu kuna kukaa katikati ya njia, ambako P peke yake inatosha: tofauti ya umbali wa kushoto na wa kulia, zidisha, ongeza upande mmoja, punguza upande wa pili. Usiruhusu D kwenye usomaji ghafi wa sauti. Hugeuza kelele kuwa mtikisiko. Na kwa kuwa makopo yana nafasi kati yake, usomaji unaozidi sentimita 40 si ukuta uliohama, ni uwazi. Roboti iushike usomaji halali wa mwisho, iendelee na MPU6050 hadi kopo linalofuata. Kikundi kisichofanya hivyo kitaiona roboti yake ikijitupa kwenye pengo la kwanza.

Kuhesabu mapengo nako kuna njia mbili. Ya kwanza: pima kutoka mwanzo wa mstari na uulize kama kopo liko kwenye sentimita 30, 60, 90. Ya pili: pima umbali kutoka kopo moja hadi linalofuata, gawa kwa 30, kadiria namba nzima, toa 1. Njia ya kwanza inaonekana nadhifu, lakini kosa la asilimia 5 hujikusanya hadi sentimita 15 mwisho wa mita 3, nusu ya nafasi kamili, na makopo ya mwisho yanachanganyika. Ya pili huanza upya kwenye kila kopo. Waache wachague, na atakayechagua vibaya agundue wiki ya 12, wakati bado kuna muda.

Hatua ya 7: Mkono, kwa kiasi

Vigezo vya Denavit na Hartenberg vya mwaka 1955, njia ya kuelezea viungo vya mkono wa roboti kwa namba, vinastahili kozi yake. Kwa wiki mbili fundisha mkono wa viungo viwili kwenye bapa, urefu wa sentimita 12 na 10, na ufanye mfano mmoja hadi mwisho. Nukta ni x 15, y 10. Mraba wa umbali ni 325. Kosaini ya pembe ya kiwiko ni 325 toa 144 toa 100, ugawe kwa 240: 0.3375, yaani nyuzi 70.3. Bega linakuwa nyuzi 2.2. Jibu la pili ni kiwiko hasi 70.3 na bega 65.2. Majibu yote mawili ni sahihi, na mwanafunzi aone kwamba servo (mota ndogo inayogeuka hadi pembe iliyoamriwa) haiwezi kuchagua kwa niaba yake.

Kisha hesabu ya nguvu. Servo ya SG90 ina nguvu ya kugeuza ya kilo-sentimita 1.8, yaani kilo 1.8 kwenye mkono wa sentimita 1. Mkono wa sentimita 22 ukishika gramu 50 unahitaji 1.1, ongeza uzito wa vipande vyake na servo ya kiwiko, unafika 1.4. Kwenye karatasi inabeba. Mezani inatetemeka, inapata moto, na meno ya plastiki yanalika. Bega liwe la MG996R, servo kubwa zaidi, lenye njia yake ya umeme, si kutoka pini ya 5V ya Arduino. Tena maktaba ya Servo huzima PWM ya pini 9 na 10 kwenye Uno. Mota za roboti zisiunganishwe hapo.

Kwa mikono mikubwa tumia Webots, programu ya kuigiza roboti kwenye kompyuta, ambayo ni ya bure tangu ilipofunguliwa mwaka 2018. Igawe kwa flashi. ROS 2, mfumo wa programu za roboti, iache kwa mradi wa mwaka wa nne: kusakinisha kwake tu kwenye kompyuta 12 zisizofanana kunaweza kumeza wiki mbili, na mwanafunzi anabaki kujua amri bila kujua kinachoendelea chini yake.

Hatua ya 8: Kupima kila mtu, si kikundi

Kwenye kikundi cha wanne, mmoja huandika msimbo, mmoja hushika nyaya, wawili huangalia. Kubadilisha majukumu kila wiki mbili husaidia kidogo. Kinachosaidia kweli ni mtihani wa roboti iliyoharibiwa makusudi, mtu mmoja mmoja, dakika 15, na multimita mkononi. Fundi sanifu aandae roboti sita, kila moja na kosa moja:

- Ardhi ya draiva haijaungana na ya Arduino. Mota zinashtuka ovyo au hazijibu.
- Pini ya STBY ya TB6612FNG, ile ya kuiamsha, inaning'inia. Kila kitu kiko sawa, mota kimya.
- Mota moja nyaya zimegeuzwa. Roboti inazunguka ilipo.
- Waya wa Echo umelegea. Roboti inasita kwa vipindi.
- Kigeu cha mapigo hakina `volatile`, neno linaloilazimisha programu kukisoma upya kila mara. Hesabu ya enkoda inaonekana kuganda.
- Muda, kwa milisekunde, umewekwa kwenye `int`. Roboti inakwenda vizuri sekunde 32, kisha inachanganyikiwa, kwa sababu `int` ya ubao huu huishia 32,767.

Toa alama kwa mpangilio wa kutafuta kuliko kupata. Anayepima betri kwanza, kisha volti 5, kisha ishara, anastahili nyingi hata muda ukimwishia. Anayeng'ang'ania kupakia upya programu mara saba apewe chache hata akibahatisha.

Vyuo vingi hugawa alama 40 za muhula na 60 za mtihani. Ndani ya 40 weka ripoti za maabara 10, jaribio la wiki ya 7 alama 10, mtihani wa roboti mbovu 10, na kazi ya sakafuni 10. Kazi ya sakafuni ihesabiwe kwa mapengo yaliyopatikana sawasawa, makopo yaliyoguswa, na kufika mwisho. Muda uwe wa mwisho kabisa kuangaliwa. Ukiupa uzito, vikundi vitaongeza kasi na kuacha kupima. Kila kikundi kipewe nafasi tatu, ichukuliwe iliyo bora, na betri zipimwe volti mbele ya wote kabla ya kila jaribio.

Baada ya kozi

Siku ya mtihani ikiisha usiruhusu mtu kuondoka na seti. Betri zichomolewe kwenye vishikio na zihifadhiwe zikiwa kati ya volti 3.7 na 3.8, ndani ya kopo la chuma, vichwa vikiwa vimezibwa kwa utepe. Magurudumu yatolewe kwenye mota, nywele na nyuzi zilizojiviringa kwenye ekseli zikatwe. Kila kifaa kibovu kiandikwe kosa lake kwenye karatasi iliyofungwa kwa uzi, na orodha hiyo iende kwenye ombi la manunuzi wiki hiyo hiyo, kabla wanafunzi hawajarudi likizo.